Ukoka wa Deo na Kibanja Chetu

Kayanga, Karagwe
Jumatatu, siku moja baada ya Komunyo ya Anna

Kwako Mama Deo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana nakujua, ukiona bahasha ina mwandiko wangu utaguna kwanza, salamu itafuata kesho. Hujambo lakini? Mgongo unakuachia ulale? Na yule mbuzi mwenye tabia za mama yako, marehemu apumzike kwa amani, amezaa au bado anatuzungusha? Mimi mwili ni mzima. Goti limepona kabisa, napiga magoti kanisani na kuinuka bila kushika benchi la mbele, ingawa mwanao hataki kusikia habari hiyo. Kinachouma ni roho, na kinachoiumiza ni majani.

Kwanza neno kwa shemeji Odilia. Shemeji, wewe unayemsomea dada yako kwa sababu macho yake yamegoma, soma yote kama nilivyoandika. Ukifika mahali ninapokusema wewe, usiruke. Na mwandiko uuvumilie. Darasa la nne langu lilikuwa la zamani, mwalimu alitutuma kuni kuliko alivyotufundisha.

Mtauliza kwa nini naandika wakati kuna simu. Simu yangu ilizama kwenye ndoo. Ya Deo tukiitumia anaiweka mezani kwa sauti kubwa, inasikiliza nyumba nzima mpaka paka. Maneno ya mume na mke hayaongewi hivyo. Barua hii anakuletea mke wa katekista wa hapa, anakuja huko Bugomora kumuuguza mama yake. Mpe chai. Usimpe rubisi, pombe ya ndizi ikimwingia atakueleza niliyomwambia na nisiyomwambia.

Mtu akisikia mume yuko mbali anaandika barua atadhani yuko Uarabuni. Mimi niko Kayanga tu, jua linalokuchoma wewe ndilo linalonichoma mimi. Lakini mtu aliyezuiwa kuondoka yuko mbali, Mama Deo, hata kama ni nyuma ya kilima.

Jambo lenyewe ni kibanja chetu, nyumba na migomba yake. Kaa kitako nikueleze, maana Jumamosi hii mambo yatafika mlangoni kwako na lazima ujue yalikotoka.

Unakumbuka nilivyoletwa hapa. Niliteleza kwenye migomba siku ile ya mvua, mkungu begani, goti likageuka. Deo akaja na gari, akanibeba kama gunia la kahawa, akakuambia ni hospitali wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa masika yote. Kule hospitali walinikunja, wakanikunjua, wakasema mzee nenda zako. Nikafungasha. Deo akaniambia, "Baba, kaa kwanza." Kaa kwanza ikawa kaa tu. Halafu jioni moja tumemaliza kula, akatoa lililokuwa tumboni mwake.

"Baba, kibanja kimekushinda. Nimepata mtu wa kukilima, atakaa kwenye nyumba yenu. Mama namleta hapa, mtakuwa pamoja mnaangalia televisheni."

Nikamwambia, "Babu yako amezikwa kwenye kibanja kile. Unampa mpangaji na babu yako?"

"Kaburi litabaki, Baba."

"Litabaki likichungwa na nani?"

Akashusha pumzi kama mwalimu mkuu. Akanyoosha kidole dirishani. "Tazama ukoka wangu hapo nje. Hatua ishirini kwa ishirini. Nilikuachia uuangalie upate shughuli, umejaa magugu. Mtu aliyeshindwa na ukoka ataiwezaje migomba?"

Mama Deo, maneno hayo yalinichoma. Huyu ni mtoto niliyemfundisha kushika jembe, na alilishika huku analia. Nikamwambia basi tupimane kwa huohuo ukoka. Siku ya Komunyo ya kwanza ya binti yako Anna wageni wataketi hapo. Ukikuta gugu, nenda kamchukue mama yako. Usipokuta, unirudishe Bugomora, na habari ya mpangaji isitajwe tena mpaka nife. Akacheka, tukapeana mikono. Mkewe Adventina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, alisikia yote.

Naungama kwamba nilikuweka wewe mezani kama kuku wa bahati nasibu bila kukuuliza. Utanigombeza nikifika. Shemeji Odilia, hapo soma polepole, asikie kwamba nimeomba radhi.

Sasa wewe ukoka hujauona ulivyo hapa mjini. Ni majani yanayopandwa kwa mkono, yananyeshewa kwa mpira, yakikua yanakatwa, yakikatwa yanatupwa. Hayaezeki nyumba wala hayatandazwi kwenye migomba. Siku moja mfugaji alipita barabarani na ng'ombe wake wa pembe ndefu, akasimama kwenye uzio, akaegemea fimbo yake, mguu mmoja kaukunja.

"Mzee, majani haya ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana."

"Mbuzi je?"

"Hana hata mmoja."

Akamtazama ng'ombe wake, akanitazama mimi. "Na wewe unayalinda?"

"Nayalinda."

"Pole sana, mzee wangu," akasema kwa huruma ya kweli, kama amenikuta msibani, akaondoka taratibu asije akaniamshia majonzi.

Magugu yenyewe hayana ugeni, unayajua yote. Kuna kongwe linalotambaa, kishonanguo, mchicha pori, na bwana mkubwa mwenyewe, ndago. Jembe Deo amelikataza, eti linatoboa uwanja. Nikang'oa kwa mkono nimeketi kwenye kigoda, nikisogea kama kinyonga. Ndago ukiing'oa inakuachia jani mkononi, na vile vishanga vyake vya mizizini vinabaki chini. Kesho kutwa wanatoka watatu kukuuliza ulimpeleka wapi mwenzao.

Nikachoka kung'oa. Kwenye stoo ya Deo palikuwa na chupa ya dawa ya magugu aliyopulizia njia ya gari. Sikusoma karatasi yake, maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Nikajaribia kona moja. Baada ya siku kadhaa kona ile ikakauka, magugu na ukoka wenyewe, ikabaki upara kama ungo. Nikaweka kiti changu juu yake. Tangu siku hiyo kila anayepita ananikuta nimeketi palepale, wakasema mzee anapenda kivuli cha ukuta. Kivuli gani!

Ndipo nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji ni binti anaitwa Koku, mwembamba kama ufito, amesomea kilimo chuoni, na mdomo wake ni wa kwetu kabisa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mzani.

"Babu, dawa uliyopiga haichagui. Ungeipiga bustani nzima mngebaki na uwanja wa mpira." Akashusha chupa mbili. "Hii ni ya majani mapana. Itachukua kongwe, kishonanguo na mchicha, ukoka inauacha. Hii nyingine ni ya ndago. Ndago si jani pana, na si nyasi vilevile, kwa hiyo ina dawa yake peke yake."

"Kama mimi," nikamwambia. "Wanyambo wananiita Mnyarwanda, Wanyarwanda wananiita Mnyambo."

"Basi Babu na wewe tukutafutie dawa yako."

Nikampenda hapohapo, usinune. Nikamuuliza habari ya maji.

"Maji ndiyo nusu ya kazi," akasema. "Siku moja kabla ya dawa, mwagilia vizuri, gugu liwe na nguvu. Gugu lenye kiu limefunga mdomo, halinywi dawa. Kesho yake umande ukishakauka na upepo umelala, piga. Halafu mpira wa maji uutupe mbali siku mbili. Ukimwagilia mapema unaiosha dawa yote inakwenda na maji. Ukoka nao unaishi vizuri kwa maji mara mbili kwa wiki, lakini yawe mengi, alfajiri, yazame mpaka kwenye mizizi. Ukiunyunyizia kidogokidogo kila jioni, juu panabaki na unyevu siku zote, mbegu za magugu zote zinaamka, na ndago inakuita shemeji."

Akanipa glavu, akaniagiza nifunge pua na mdomo, nivae mikono mirefu, na kuku wafungiwe mpaka dawa ikauke. Nikayashika yote, Mama Deo, mimi ambaye wewe unasema sishiki neno. Nilikuwa napigania kaburi la baba yangu, nyumba yangu, na wewe.

Palikuwa na jambo moja la kuweka sawa. Ukoka ule Adventina alizoea kuumwagilia jioni. Wewe unatujua tulivyo, baba mkwe hamwagizi mkamwana kazi uso kwa uso, na mkamwana hamuulizi baba mkwe kwa nini. Hata chumvi ikizidi nakula nanyamaza, nakunywa maji mengi. Nikamwagiza Deo. Nikamwambia, "Mwambie mwenzio asiguse mpira wa maji mpaka mimi niseme." Deo akasema, "Sawa, Baba," macho yake yako kwenye simu.

Nikamwagilia vizuri, kesho yake asubuhi nikajitwisha bomba la mgongoni, nikapiga hatua kwa hatua kama padre na maji ya baraka. Nikangoja. Ikapita wiki, ikapita na nusu yake. Magugu yakanawiri! Ndago iling'aa kama imepakwa mafuta. Kongwe likatoa maua ya buluu. Nikasema labda nimepima dawa vibaya, nikaenda tena dukani, nikarudia kila kitu mara ya pili, kwa kipimo, na maombi juu yake. Yakazidi kunenepa. Ukoka wa watu wengine barabara nzima umekauka kwa kiangazi, wa kwetu unachipua ndago kama tumeipanda.

Na mwanao kila asubuhi akienda kazini anasimama mlangoni na begi lake la kompyuta. "Baba, naona ndago zimestawi. Nimnunulie Mama begi la safari, au atakuja na furushi?"

  Usiku sikulala vizuri, naota mpangaji amekaa kwenye kiti changu anakunywa rubisi kwenye kibuyu changu. Nilitukana, Mama Deo. Niliitukana ndago, nikamtukana aliyeiumba, nikakumbuka ni nani, nikaomba msamaha, nikaitukana ndago peke yake.

Nikarudi dukani nimevimba. "Binti, umeniuzia maji ya mto."

Koku hakukasirika. "Babu, unamwagilia lini?"

"Siku moja kabla ya dawa, kama ulivyosema. Kisha siku mbili sigusi."

"Udongo wake ukiufinya mkononi, unashikamana?"

"Unashikamana kama ugali."

"Kiangazi hiki? Siku mbili bila maji?" Akanitazama kama daktari anayekuambia neno baya. "Babu, kuna mtu anamwagilia."

Nilirudi nyumbani natembea kwa hasira, goti likasahau kwamba liliwahi kuumwa. Nilimfikiria jirani. Nilimfikiria Deo mwenyewe, Mungu anisamehe, kwamba ananihujumu ili ashinde. Siku iliyofuata nikapiga dawa asubuhi kama kawaida. Jioni nikaaga kama ninavyoaga kila siku, nakwenda njia panda kutafuna punje za kahawa na wazee wenzangu. Nikafika kwenye kona, nikageuka.

Nikamkuta Adventina. Amefunga kanga kiunoni, mpira wa maji mkononi, anaimba wimbo wa kwaya, anamwagilia ukoka kwa upendo, jani kwa jani, hakuna lililobaki kavu. Dawa yangu ya asubuhi inatiririka kuelekea mtaroni.

Aliponiona aliuachia mpira, ukaanza kurukaruka kama nyoka na kumlowesha. Akapiga magoti kwenye maji. "Baba, shikamoo." Ilikuwa ya pili siku hiyo.

Maneno yalinijaa mdomoni kama matoke ya moto. Kumgombeza siwezi, kumeza siwezi.  Mwishoni nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia tangu aolewe humu, nikamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso. "Mwanangu, dawa niliyopiga leo unaiosha."

"Mawe, mama yangu!" Akashika mdomo. "Baba, mimi nilijua ni mbolea."

"Mumeo hakukuambia usiguse mpira?"

"Hakuniambia chochote." Akaanza kulia, na maji yanammwagikia tu. "Nilisikia siku ile mlipopeana mikono. Nikasema Baba ni mzee, ataweza wapi kubeba ndoo, nimsaidie akiwa hayupo asione aibu. Kila ukienda njia panda nafungua maji. Nilitaka majani yawe ya kijani ushinde, Baba, urudi kwa Mama."

Unamwona mkamwana wako, Mama Deo? Wewe uliyesema siku ya harusi kwamba ana mikono ya mjini. Kila jioni, mwezi mzima, ananisaidia kushindwa. Na nikijumlisha mambo yote, kosa lilikuwa la nani? La heshima yetu. Angeniuliza, "Baba, hiyo unayopiga ni nini?" Mimi ningemwambia, "Binti, acha maji." Maneno mawili tu. Lakini yalibidi yapite kwa Deo, na Deo ni mtaro ulioziba.

Nikafunga maji mwenyewe. Nikamwambia asimweleze mumewe, sikukuu iko karibu, nyumba isiingie ugomvi kwa ajili ya majani. Akakubali. Tangu siku ile tukaanza kuongea moja kwa moja, yeye kwenye dirisha la jikoni, mimi juu ya upara wangu. "Baba, leo ni siku ya maji?" "Bado, kesho alfajiri, mengi." "Baba, upepo umelala." "Haya, lete glavu." Deo akija anatukuta kimya, kila mtu na upande wake, kama wakwe wa zamani.

Zilibaki siku kumi na mbili tu. Nilipiga mara ya mwisho, maji yakakaa mbali, na kwa mara ya kwanza nikaiona dawa ikifanya kazi. Kongwe lilijikunja kama mtu mwenye tumbo la kuharisha. Kishonanguo kikapinda shingo. Mchicha ukawa njano. Nilikuwa naamka alfajiri kwenda kuyatazama yakifa, nayaambia pole. Lakini ndago hufa kwa kiburi, polepole, na siku haziongezwi. Jana, Jumapili, Komunyo ikafika, na ukoka ulikuwa hivi: pengine kijani, pengine njano, pengine matundu, na ndago moja moja zimesimama kwa ukaidi.

Anna alipendeza, gauni jeupe, akapokea Ekaristi vizuri, hakutafuna. Wageni wakaja, viti vikapangwa. Deo akaanza kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akafika kwangu, akainua kiti changu nikiwa nimesimama kuwasalimia watu.

"Na huu upara, Baba?"

"Huo ni wangu. Kichwani ninao mwingine, ukague na wenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akainama chini ya meza ya keki, akachomoa jani moja refu, akaliinua juu mbele ya watu wote. "Baba, hii ni nini?"

Ningeweza kumwambia ni mchaichai. Nikatazama jani, nikakuona wewe na furushi lako unafunga mlango wetu. Nikasema, "Ni ndago."

"Basi Jumamosi namfuata Mama. Tulipeana mikono."

Adventina alikuwa anakuja na sinia la matoke. Akaliweka chini kwenye ukoka. Alikuwa ameniahidi kunyamaza, na sikumkonyeza, naapa. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma walisikia, "Baba Anna, mimi ndiye niliyekuwa naosha dawa ya Baba. Kila akipiga asubuhi, jioni nilimwagilia. Sikujua. Hakuna aliyeniambia niache."

 Wageni wa kwaya wakaacha kutafuna.

Nikamuuliza Deo taratibu, "Mwanangu, nilikupa ujumbe gani wa kumpelekea mkeo?"

Akajikuna shingo. Akatazama simu yake kama itamjibu. "Uliniambia nimwambie asimwagilie. Nilisahau, Baba."

"Kutoka sebuleni mpaka jikoni ujumbe umekupotea," nikasema. "Na wewe ndiye utakayeendesha kibanja cha Bugomora kwa simu, kupitia mpangaji?"

Mama Deo, walicheka wageni wale! Shangazi wa Deo alimwaga juisi. Nilidhani sasa yamekwisha, kijana amekubali, napewa gari kesho yake. Lakini yule ni damu yako, ukimbana anatafuta tundu jingine. Baada ya wageni kuondoka akaja akaketi karibu yangu, sauti imeshuka.

"Sawa, Baba. Ukoka tuuache, haukuwa haki. Jumamosi tunakwenda Bugomora wote wawili, nikakague kibanja chenyewe. Nikikuta kimetunzwa, nakuacha na Mama, mpangaji namwambia asije. Nikikuta pori, nawachukua nyote."

"Nifungashe?"

"Usifungashe kitu. Begi litakuja baadaye, kama litakuja."

Unaona udhalimu? Mwezi na nusu nimehangaika na majani yasiyoliwa, nimevuta dawa puani, nimelia na ndago, na mwisho wake mtihani umehamishiwa kwako bila hata kukuuliza. Ndiyo maana barua hii imekimbia. Una siku nne.

Sasa sikiliza. Toka kesho asubuhi, wewe na Odilia na wale wakwe zako wanaopenda kuketi. Shemeji, hapo ndipo nilipokusema, na jembe lako nalijua linakaa wapi, nyuma ya mlango, limelala kuliko wewe. Anzeni upande wa barabara, kwa sababu Deo ataanzia hapo. Ondoeni majani makavu ya migomba, yale yanayoning'inia kama nguo za kichaa. Migomba iliyoinama iwekeeni nguzo. Kwenye makaburi pafagiwe vizuri, hapo atasimama kuomba na macho yake yatatangatanga. Pale msipofika kwa jembe, tandazeni nyasi, nene, mpaka kifundo cha mguu. Deo amesoma sana lakini hajawahi kuangalia chini ya nyasi. Na usithubutu kumtuma mtu akanunue dawa, utaniulia kahawa na magimbi, na kwa siku nne haitafaa kitu. Mimi sasa ni fundi wa mambo hayo, nakuambia mkono ndio utakaotuokoa.

Na ndago za nyuma ya choo, ambazo wewe na mimi tumezifumbia macho tangu Deo yuko shule ya msingi, hizo pangeni juu yake mbao zile za zizi. Akiuliza, sema ni za ujenzi.

Nisalimie mdogo wangu wa ng'ambo ya bonde, mwambie shoka langu alirudishe kabla ya Jumamosi, nimelikumbuka. Nisalimie binti yetu mkubwa kule Nyakatuntu na mumewe anayeongea peke yake. Nisalimie mjane wa kaka, ambaye maharage yake yalikuwa bora kuliko yetu mwaka huu, usimwambie nimesema. Mzee wa jumuiya mwambie naomba sala, asiulize za nini. Adventina anakusalimia kwa magoti, na safari hii salamu yake nimeipokea kutoka mdomoni mwake mwenyewe.

Jambo la mwisho, na hili lisitoke nje ya ninyi wawili. Jumamosi ukiniona nashuka kwenye gari nimenenepa, usishangae, na usinisifu mbele ya Deo. Zitakuwa suruali tatu, mashati manne, sweta, na lile koti la mazishi, vyote mwilini. Kibanja kipite kisipite, mimi sirudi Kayanga. Nitakuwa nimeiva kwa joto, kwa hiyo weka maji ya baridi ndani ya mlango, na ujiandae kunivua.

Mumeo,
Baba Deo